Upawa wa Hamsini na Mbili

Mtaa wa Depot, Mabry Springs, Alabama
3 Agosti 2019

Mwanangu Lendell,

Hujambo wewe, na Renita hajambo? Na hizo lifti unazozikagua huko Cleveland, zinapanda na kushuka salama? Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika mvua ikikaribia, na la kulia limejifunza tabia kwa mwenzake, lakini asubuhi naamka, nawasha jiko, nakunywa kahawa yangu na kumshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu simu siisikii vizuri, na tena maneno ya simu huwezi kuyasoma kesho yake.

Kuna habari. Chuo cha Tolliver kimekumbuka kwamba kiliwahi kuwa na timu ya mpira, ule wetu wa helmeti na kumbo. Miaka ishirini tangu waifute, ukitaja mpira pale ofisini walikuangalia kama umetaja mke wa zamani mbele ya mke mpya. Sasa eti Oktoba, wiki ya wahitimu kurudi nyumbani, kutakuwa na matembezi kama ya enzi zile. Wachezaji watatoka kanisani, washuke Mtaa wa Depot mpaka uwanjani, na kila mmoja akifika kwenye nyumba iliyokuwa ikilisha namba yake ya jezi asimame mlangoni atoe salamu. Uwanja wenyewe nusu ni maegesho ya magari, ila nusu nyingine bado ina nyasi. Halafu kila nyumba itoe upawa wake wa kupakulia, uwekwe kwenye kabati la kioo maktabani, watu waone historia.

Mwenyekiti wa kamati ni kaka yako Thaddeus Broome. Ndiyo, huyo huyo aliyekupakulia. Ametoka jeshini, amerudi kukaa hapa tangu Machi. Alisimama kanisani na suti ya rangi ya maziwa akatangaza kwamba watakaotembea ni wale waliocheza angalau mechi moja, ili historia isitiwe maji. Nikamuuliza mbele ya watu, "Na Lendell je?" Akanijibu, "Mama Verlene, Lendell hakuwahi kupigwa kumbo akiwa na jezi ile." Nikakaa chini. Sikukaa kwa kukubali, ni goti tu.

Njoo, mwanangu, na uje na upawa. Nina miaka sabini na tisa, na sitaki watu waambiwe hamsini na mbili ya nyumba hii iliishia kwa Thaddeus, wakati mimi najua iliishia kwa nani.

Mama yako,
Verlene Gaddis


Cleveland, Ohio
14 Agosti 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Renita anakusalimu na anauliza kama lile kopo la peremende alilotuma lilifika au limeliwa posta. Pole kwa magoti. Barua yako niliisoma nikiwa juu kabisa ya hoteli moja mjini, kwenye chumba cha mitambo, na fundi niliyekuwa naye akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema, "Si ulisema mama yako alifariki?" Nikamwambia huyu ni wa Jumapili.

Mama, sitaki ugombane na mtu kwa ajili yangu. Kaka Thad hajakosea. Mwaka wangu wa kwanza wote nilifanya mazoezi tu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupigwa kumbo na yeye ili apate nguvu ya kuwapiga wengine. Alinipakulia Jumapili baada ya Pasaka, akaniachia namba na upawa, akahitimu akaenda zake jeshini. Juni wakafuta timu. Jezi ile sikuwahi kuivaa mbele ya watu hata mara moja. Yeye ana bega lisilopanda kupita kifua. Mimi nina upawa umetundikwa juu ya jiko, na mke anayesema nimeoa vyombo.

Ila kwa vile umenichokoza, acha niseme. Siku ile nilifunga begi langu nikapita kwako kurudisha upawa. Ulikuwa barazani unachambua kunde, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Wamefuta timu, Lendell. Hawajafuta Jumapili. Kaa." Nikakaa, siku ile na Jumapili zote mpaka nikahitimu. Wenzangu walitawanyika, mimi nikabaki kwa sababu ya sahani moja ya kunde, sukumawiki na mkate wa mahindi. Nilikuwa nakula peke yangu kwenye ile meza kubwa, na wewe unakula jikoni umesimama, umeegemea jokofu, kama ulivyofanya kwa wote walionitangulia. Nilikuwa kijana mjinga, sikuwahi hata kukuuliza kwa nini hukai.

Kila nikikagua lifti nikaona iko sawa, nikatia sahihi, watu wakapanda bila wasiwasi, najua chakula cha nani kimefanya kazi ile. Hiyo inanitosha. Kutembea barabarani watembee wenye mabega mabovu.

Mwanao,
Lendell


Mtaa wa Depot
21 Agosti 2019

Mwanangu Lendell,

Peremende zimefika, mwambie Renita asante, nimezificha Mchungaji asizione. Salamu zako nimepokea. Unyenyekevu wako nao umefika, huo nakurudishia, sina pa kuuweka.

Sasa nisikilize, maana naona wewe na Thaddeus mlikula hapa bila kujua mnakula nini.

Otis wangu, Mungu amrehemu, alisimuliwa na mama yake. Timu ilianza uwanja ukiwa shamba la karanga, na vijana wakiangushwa waliinuka na karanga masikioni. Helmeti hazikutosha. Mchezaji akitoka, anamvisha anayeingia, bado ina jasho. Walipigwa na kila mtu, na walipendwa hivyo hivyo. Ikaja ile miaka mibaya, chuo kikawa hakiwashi jiko siku za Jumapili kwa kukosa cha kupika, na wachezaji wakawa wanalala mchana kutwa ili wasisikie matumbo. Ndipo wanawake wa mtaa huu wakagawana. Huyu akasema nipe saba, yule akasema nipe thelathini na moja, mama mkwe wangu akachukua hamsini na mbili. Hawakuchukua kijana, Lendell, walichukua namba. Kijana anahitimu anaondoka. Namba inabaki, na njaa inabaki nayo.

Na kwa kuwa mama mkwe hakuwa na siku nzima ya kumbembeleza kila mgeni, akaweka utaratibu: anayeondoka ampakulie anayeingia. Aliyepakua ni kaka, aliyepakuliwa ni mdogo. Upawa unaondoka na mdogo, naye atakaa nao mpaka apate wa kumpakulia. Akishampakulia, haushiki tena. Mtaa mzima ukaiga. Katika maneno hayo yote, nionyeshe palipotajwa kumbo.

Nimeona timu ikishinda mpaka watu wakabeba milango ya chuo barabarani kwa furaha. Nimeona na msimu wa mwisho, tuliposhinda mechi moja tu, na hiyo ni kwa sababu basi la wageni liliharibika njiani wakafika wamechoka. Meza yangu haikubadilika kwa lile wala kwa hili.

Nani alikupakulia? Thaddeus. Kwa mkono wake, na bega lile lile. Maji yakimwagika hayazoleki, na kunde zikishapakuliwa hazirudi sufuriani. Wewe ni hamsini na mbili hata kama ulivaa jezi ile chumbani mbele ya kioo tu, na najua uliivaa, maana wote huivaa.

Na usithubutu kuutuma upawa kwenye lile kabati lao. Upawa hautumwi. Unatoka mkono hadi mkono, juu ya sahani yenye chakula. Umenisikia?

Mama yako,
Verlene


Cleveland
3 Septemba 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Sisi wazima.

Kaka Thad alinipigia simu. Nilidhani atakuja na ukali, nimejiandaa. Badala yake aliongea polepole kama mtu anayetembea juu ya mayai. Akasema, "Mdogo, niachie hili. Acha mimi niwe wa mwisho. Sitakuomba kingine." Hatujaongea miaka ishirini, na neno la kwanza kaniita mdogo. Sikuweza kumkatalia, Mama. Hata nafasi ya kumuuliza habari zake sikupata, alikata haraka.

Nimeufunga upawa kwa taulo la Renita nikautuma kwake. Ukutani umebaki msumari. Najua ulivyoniambia. Nisamehe.

Mwanao,
Lendell


Cleveland
25 Septemba 2019

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Nilipiga simu, ukapokea, ukasema kwa sauti yako mwenyewe, "Namba unayopiga haipatikani," ukakata. Renita alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilicheka kidogo, halafu sikucheka.

Nilimpigia Mchungaji akasema u mzima, unaimba kwaya, na umekataa kuweka taa mlangoni kwa ajili ya matembezi. Anasema nyumba zote za mtaa zimepamba isipokuwa yako. Mama, usifunge mlango wako kwa sababu yangu. Mlango ule ndio ulionifanya mtu.

Kama hutaki kuniandikia, basi. Mimi nitaendelea kukuandikia, na nitaendelea kushukuru.

Mwanao, ukikubali,
Lendell


Mtaa wa Depot
6 Oktoba 2019

Mwanangu Lendell,

Hamjambo? Mimi mzima, ila nimekuwa na hasira, na hasira kwa umri wangu inakula nguvu za wiki nzima. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Wewe umenipiga teke la adabu, limefungwa taulo na kubandikwa stempu. Nilianza barua kadhaa, na kila moja niliona haya kuisoma mwenyewe, nikawashia jiko.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Thaddeus alikuja hapa na taulo lako mkononi. Hakuja na suti. Akasema amesikia sitaki kufungua mlango siku ya matembezi, na hamsini na mbili haiwezi kupita kwenye mlango uliofungwa. Nikamwambia ingia, chakula kiko tayari, mtu hagombani na tumbo tupu.

Akakaa pale pale alipokuwa anakaa. Nikaleta kunde, sukumawiki iliyopikwa na shingo za bata mzinga, na mkate wa mahindi. Nikaweka sahani mbele yake, nikarudi kuegemea jokofu langu. Akangoja. Nami nikangoja.

"Mama, hupakui?"

"Tangu lini mimi nikampakulia hamsini na mbili?"

"Basi nijipakulie."

"Kwa upawa wa nani?"

Akauangalia. Upo pale kando ya mkono wake, na kile kipini alichokikunja mwenyewe mwaka ule alipoufanya kabari ya dirisha. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha. Jitu lile lililokuwa likiangusha watu kama magunia limeshindwa na upawa. Akacheka, "Mama Verlene, wewe ni mkorofi." Nikamwambia, "Mimi nimekupikia tu."

Halafu kicheko kikakatika. Akainamisha kichwa, mvuke wa kunde unampanda usoni. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwenda Mobile kwa mama yake kumwomba. Nilimwambia yule mama, akiwa mgonjwa vile, kwamba mwanawe atakuwa na timu na watu. Nilimpakulia, nikapanda basi, na sijamaliza hata mafunzo nikasikia hakuna timu. Mtoto wa watu nilimpa namba tupu. Kama mimi ndiye wa mwisho, basi hakuna niliyemdanganya."

Lendell, yule mtu miaka yote hii aliamini ulirudi Mobile mwezi ule ule. Hakujua ulibaki. Alipokwenda vitani, alipooa, alipoachana, alikuwa na picha yako umebeba begi kituoni. Ndiyo maana hakukutafuta, na ndiyo maana alikata simu haraka. Hakuwa anakuficha kwa dharau. Alikuwa na haya.

Nikaketi? Hapana, sikuketi, lakini nilisogea mpaka mezani. Nikamwambia kwamba ulibaki, na ulikula kwenye kiti hicho alichokalia mpaka ukavaa joho. Nikamwambia habari za lifti, za Renita, na za msumari ukutani. Nikamwambia, "Ulimwambia mama yake atakuwa na timu na watu. Timu ilikwenda. Watu hawakwenda." Akafunika uso kwa ile mikono yake. Nikamwacha. Mwanamume akilia kwenye meza yangu huwa nageuka kufuta jiko, nalo lilifutika vizuri siku ile.

Mwishowe akala mkate wa mahindi kwa mkono, maana mkate hauhitaji upawa. Akala karibu sinia zima. Akaondoka akaacha taulo na kilichomo mezani. Mlangoni akasema, "Mwambie atembee. Nyuma yangu, kama inavyotakiwa."

Kwa hiyo upawa uko hapa, na mkono unaoruhusiwa kuushika ni wako peke yake. Utampakulia nani sijui, timu hakuna na mrithi hakuna. Njoo hivyo hivyo. Taa nimeweka.

Mama yako, hasira zimekwisha,
Verlene


Cleveland
10 Oktoba 2019

Mama,

Shikamoo. Tunakuja. Nimempigia kaka Thad, tumeongea mpaka simu ikachemka. Nilimshukuru, akasema nisimshukuru, nikamshukuru tena kwa nguvu. Renita anauliza alete nini. Nimemwambia alete njaa.

Nani wa kumpakulia, hilo niachie mimi.

Mwanao,
Lendell


Mtaa wa Depot
26 Oktoba 2019

Lendell,

Natumaini mmefika salama, na kwamba Renita hakukuacha uendeshe ukiwa umeshiba vile. Mimi mzima. Magoti yamenyamaza tangu mlipoondoka, sijui yanapanga nini.

Ulikuwepo, najua, lakini nataka nikuandikie, maana hukuona nilichoona mimi. Wewe ulikuwa unaangalia sahani.

Niliwaona mkishuka kutoka kanisani, ngoma za bendi zikiwa mbele. Wengine wana vitambi, mmoja ana magongo, mmoja anasukumwa kwenye kiti na bintiye. Nilimwona Thaddeus na bega lake, na wewe nyuma yake, umetembea kama mtu anayeogopa kuitwa jina. Mlipofika mlangoni kwangu Thaddeus akasimama, akakuvuta mbele, akasema kwa sauti mtaa mzima usikie, "Mama Verlene, tumekuletea hamsini na mbili." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimejiandaa kusema neno la busara. Nikasema, "Futeni miguu."

Halafu mezani. Nyinyi mmekaa, mimi naelekea kwenye jokofu langu kama siku zote, na wewe ukasimama na upawa mkononi. Nikadhani labda utamchezea Renita mzaha. Ukasema, "Mama. Kaa."

Nilikuambia mimi sijawahi kupigwa kumbo nikiwa na jezi. Thaddeus, bila haya, akasema, "Hakuna mahali palipotajwa kumbo," akanivutia kiti. Ukanipakulia kunde, ukazidisha kama vijana wote wanavyozidisha, nyingine zikamwagika kwenye kitambaa. Kitambaa sijakifua.

Nimepika kunde hizo tangu niingie nyumba hii nikiwa bi harusi. Nimepakulisha vijana ambao siku hizi ni mababu. Sikujua ni tamu kiasi kile zikiliwa mtu amekaa, na wengine wamemngojea aanze. Nililia mbele yenu na hakuna hata mmoja aliyegeuka kufuta jiko. Mna adabu mbaya. Nawashukuru kwa hiyo adabu mbaya.

Kamati walikuja Jumatano kuuchukua upawa. Nikawaambia hauendi, mwenye nao bado yuko mezani. Thaddeus amewawekea kipande cha karatasi kabatini, mahali pa hamsini na mbili, kimeandikwa: Bado unatumika. Nimekwenda mpaka maktabani kukisoma, na goti hili.

Kuna msichana anasoma muziki hapo chuoni, amepanga chumba kwa jirani. Jumapili mbili sasa nimemwona amekaa kwenye ngazi za kanisa baada ya ibada anakula biskuti kutoka kwenye pakiti, anatazama upande mwingine watu wakipita. Sidhani kama anaweza hata kudaka mpira. Sitamuuliza. Kesho nitamwambia meza yangu ni kubwa.

Asante kwa kunipakulia, kaka.

Mdogo wako,
Verlene